Mwimbaji anaposahau maneno baharini, nani humwokoa?

Watu wa mwambao wetu wanalijua vyema neno nahodha, na wanajua kuwa chombo hakiendi bila yeye. Wachache wanalijua neno nahham. Katika vyombo vya Ghuba, vya Bahrain, Kuwait, Qatar na bandari jirani, huyu ndiye aliyekuwa mwimbaji wa chombo. Alichukuliwa safarini kwa ajili ya sauti yake, na kazi yake ilikuwa kuongoza nyimbo ambazo mabaharia walizifuata wakipandisha tanga, wakipiga makasia au waking'oa nanga.

Tumeona tumzungumzie mwimbaji huyu katika kurasa za familia kwa sababu jambo lililokuwa likimkabili yeye baharini huwakabili watoto wetu kila mwaka katika hafla za Maulidi na mashindano ya kuhifadhi Qur'ani. Maneno aliyoyahifadhi mtu kwa miezi humtoka ghafla, macho yote yakiwa yamemwelekea. Hakuna mwanadamu aliyeandikiwa kinga ya kusahau. Lililo mikononi mwetu ni namna tunavyompokea aliyesahau, na hilo ndilo huamua kama atasimama tena au atakaa chini maisha yake yote.

Wimbo uliokuwa kazi

Msimu mkubwa wa kuzamia lulu katika Ghuba ulichukua takriban miezi minne ya joto kali. Mzamiaji alishuka chini kwa uzito wa jiwe, pua ikiwa imebanwa kwa kibanio, na juu ya chombo mwenzake aliishika kamba, tayari kumvuta atakapotoa ishara. Pumzi ya mtu ndiyo iliyokuwa saa ya kazi hiyo.

Katika maisha ya namna hii wimbo ulikuwa na zaidi ya kupitisha wakati. Kasia zito na kamba nene ya nanga huhitaji mikono mingi ivute kwa mpigo mmoja, na mpigo huo ulitoka kooni mwa nahham. Kila kazi ilikuwa na wimbo wake: wa tanga, wa makasia, wa nanga.

Sasa tujiulize: ikiwa kazi ya watu wengi imefungwa katika sauti ya mtu mmoja, inakuwaje siku maneno yanapomtoka? Jua linachoma, mwili umechoka, usingizi wa usiku ulikuwa haba. Jibu limo katika muundo wa nyimbo zenyewe. Kiongozi hutoa mstari, kisha mabaharia humjibu kwa mvumo mzito wa pamoja unaotoka kifuani. Mvumo ule humpa kiongozi nafasi ya kuvuta pumzi na kuutafuta mstari unaofuata. Asipoupata, anaweza kuurudia uliopita, au akaingiza maneno ya kumtaja Mwenyezi Mungu na kumwomba msaada, ambayo yamejaa tele katika nyimbo hizo. Wenzake wanaitikia na kamba inaendelea kuvutwa.

Nyimbo za aina hii zilisikika hadi kwetu. Majahazi ya Kuwait yalikuja na kaskazi hadi Lamu, Mombasa, Zanzibar na delta ya Rufiji, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko. Baharia wa Australia, Alan Villiers, alisafiri na jahazi moja la Kuwait katika msimu wa 1938 hadi 1939, na katika kitabu chake ameeleza jinsi mabaharia wale walivyoimba wakiwa kazini. Wavuvi na mabaharia wetu nao walikuwa na nyimbo zao za bahari, ambazo mabingwa wa fasihi simulizi huziita kimai.

Biashara ya lulu ilianguka katika miaka ya 1930, baada ya Wajapani kufanikiwa kufuga lulu na baada ya mdororo wa uchumi wa dunia. Mafuta yakagunduliwa Bahrain mwaka 1932, na vijana wakapata kazi nchi kavu. Nyimbo hazikufa. Katika kisiwa cha Muharraq ziliendelea kuimbwa kwa jina la fjiri, na mwaka 2021 UNESCO iliziingiza katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika. Waimbaji wa fjiri huketi kwa duara, wakipiga ngoma na mtungi wa udongo, na kiongozi wao huwa katikati. Mkao huo umebeba hekima ya chomboni: anayeongoza amezungukwa pande zote na watu wanaoyajua maneno yake.

Mwimbaji aliye peke yake

Mwimbaji wa leo wa baharini yuko katika hali nyingine. Meli kubwa za watalii zina kumbi za maonyesho, na aghalabu mtu husimama jukwaani peke yake, akisindikizwa na muziki uliorekodiwa. Muziki wa namna hiyo haumngojei mtu. Mpiga ngoma aliye hai akimwona mwimbaji amekwama ataurudia mpigo mpaka apate njia, lakini muziki uliorekodiwa husonga mbele ukamwacha.

Bahari nayo ina mitihani yake. Sakafu inapoyumba, sehemu ya akili hushughulika na kuusimamisha mwili usianguke. Kichefuchefu cha mawimbi huvuruga usingizi na kupunguza umakini. Tena hakuna pa kukimbilia. Aliyeaibika katika ukumbi wa mjini hurudi kwake usiku uleule, wala huenda asiwaone tena waliomsikiliza. Aliyeaibika melini atakutana nao asubuhi kwenye kifungua kinywa, na keshokutwa pia, mpaka nchi kavu ionekane.

Kwa nini maneno hutoka

Mtu anayesahau wimbo alioujua huonekana kama hakujiandaa. Mara nyingi dhana hiyo ni dhulma. Maneno yaliyohifadhiwa kwa mpangilio hukaa kichwani kama shanga katika uzi: kila mstari huuvuta unaofuata. Ndiyo maana mtu akikatizwa katikati hushindwa kuendelea pale alipofika, lakini akirudi mwanzo wa beti husoma mpaka mwisho bila kigugumizi. Hofu huukata uzi huo. Akili inapoanza kujiuliza watu wanasemaje, nafasi ya kuukamata mstari unaofuata hupungua.

Mahali pia huenda pana athari. Mwaka 1975, watafiti Duncan Godden na Alan Baddeley walichapisha jaribio walilolifanya kwa wapiga mbizi huko Scotland. Waliwapa orodha za maneno wajifunze, nyingine nchi kavu na nyingine chini ya maji, kisha wakawapima katika sehemu zote mbili. Waliojifunza chini ya maji walikumbuka vizuri zaidi wakiwa chini ya maji, na waliojifunza nchi kavu walikumbuka vizuri zaidi wakiwa nchi kavu. Jaribio hilo limetajwa katika vitabu vingi vya saikolojia. Hata hivyo, liliporudiwa na mtafiti wa Uholanzi katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, matokeo yale hayakuonekana, kwa hiyo hatulitoi hapa kama hukumu ya mwisho. Hata bila jaribio hilo, walimu wengi wa madrasa wamemwona mwanafunzi anayesoma bila kosa akiwa amekaa kwenye mkeka wake wa kila siku, kisha akababaika anaposimamishwa mbele ya kipaza sauti uwanjani.

Watatu waliosahau

Mifano iliyoandikwa kwa urefu zaidi inatoka nchi kavu. Tunaichukua kwa kuwa inaonyesha kinachofuata baada ya kusahau.

Tarehe 13 Februari 1960, mwimbaji wa Marekani Ella Fitzgerald aliimba mbele ya umati mjini Berlin. Katikati ya wimbo mmoja maneno yalimtoka. Hakunyamaza. Aliendelea na sauti ileile, akitunga papo hapo mistari ya kuwaambia wasikilizaji kwamba amesahau, na akawataja wenzake waliouimba wimbo huo kabla yake. Umati ulifurahi naye. Kurekodiwa kwa usiku ule kukaja kumpa tuzo mbili za Grammy.

Tarehe 17 Juni 1967, Barbra Streisand aliimba katika bustani ya Central Park, New York, mbele ya watu zaidi ya 100,000. Naye alisahau maneno. Yeye mwenyewe amewahi kueleza jinsi tukio hilo lilivyomjaza hofu ya kusimama mbele ya umati, na kwa miaka mingi alijiepusha na ziara za matamasha. Aliporudi katika ziara kubwa mwaka 1994, maneno ya nyimbo yaliwekwa kwenye skrini mbele yake.

Tarehe 10 Desemba 2016, Patti Smith aliimba Stockholm katika hafla ya kutoa tuzo za Nobel, kwa niaba ya Bob Dylan ambaye hakuhudhuria. Alikwama, akasimama, akaomba radhi, akasema kuwa amepatwa na wasiwasi, na akaomba kuanza tena sehemu ile. Ukumbi ulimpigia makofi naye akaendelea mpaka mwisho. Baadaye aliandika kwamba asubuhi iliyofuata baadhi ya wanasayansi waliokuwa hapo walimwambia kuwa waliiona mihangaiko yao wenyewe katika kukwama kwake.

Watu watatu, kosa moja. Wawili waliusema wazi udhaifu wao papo hapo, na wasikilizaji wakawabeba. Mmoja aliondoka na woga ulioishi naye miaka. Hatudai kuwa umati wa New York ulimkosea. Tunasema kwamba jeraha la kusahau mbele ya watu ni jeraha la kweli, hata kwa mwenye kipaji kikubwa na jina kubwa. Ikiwa limemwelemea yeye, mtoto wa miaka tisa atalibebaje?

Aliye nyuma ya imamu

Waislamu hatuna sababu ya kuwa wageni katika jambo hili. Imamu anapokwama katika kisomo, aliye nyuma yake anayejua humkumbusha, na Swala huendelea. Ibn Mas'ud (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliwaambia Masahaba kuwa yeye ni mwanadamu, anasahau kama wanavyosahau, basi asahaupo wamkumbushe. Na katika Sunan Abu Dawud imepokewa kwamba siku moja alitatizika katika kisomo, na alipomaliza alimuuliza Ubayy bin Ka'b (r.a.) kilichomzuia kumkumbusha ni nini.

Tuizingatie adabu iliyomo humo. Swali lilielekezwa kwa aliyejua akanyamaza. Na anayemkumbusha imamu hamkemei wala hamcheki. Humpa neno, kisha hurudi katika utulivu wake.

Nyumbani na madrasani

Katika hafla zetu mambo huwa kinyume. Mtoto akikwama katika kasida, minong'ono huanza na kicheko hufuata. Siku hizi limeongezeka lililo zito zaidi: simu kadhaa huwa juu zikirekodi, na kabla mtoto hajafika nyumbani, kukwama kwake kumeshazunguka katika makundi ya WhatsApp. Baharini aibu ilikuwa na mwisho, kwani chombo kilifika bandarini na mabaharia wakatawanyika. Picha ya simu haina bandari. Tunawaomba wazazi waifute, na wasiitume hata kwa shangazi wa mbali anayeomba kumwona mtoto.

Yapo mambo mepesi ambayo wazazi na walimu wanaweza kuyafanya. La kwanza, mtoto ahifadhi kwa milango mingi. Asizoee kuanzia mwanzo tu, bali aambiwe aanze beti ya tatu, kisha ya tano, ili uzi ukikatika ajue pa kuushika. La pili, afanye mazoezi mahali tofauti: amesimama, nje ya nyumba, penye kelele za wadogo zake, na kwa kipaza sauti kikipatikana. La tatu, awepo mwenziwe karibu mwenye jukumu la kumkumbusha, naye afundishwe kutoa neno la kwanza tu la mstari, kwa sauti ya chini. La nne, waitikiaji wafundishwe kwamba kiongozi akikwama wao waendelee na kiitikio, kama walivyofanya mabaharia wa lulu, mpaka apate njia.

La tano ni la wazazi peke yao, nalo ni njia ya kurudi nyumbani. Mtoto aliyekwama huusubiri uso wa mama na baba kuliko tuzo yoyote. Asiulizwe kwa nini amewaaibisha. Aulizwe ni beti gani iliyompendeza kuisoma, na kabla ya kulala aisome ile iliyompotea, polepole, wazazi wakimwitikia. Mstari uliompotea mbele ya watu ukipatikana siku ileile ndani ya nyumba, hofu haipati usiku mzima wa kuota mizizi.

Na hafla ijayo apewe nafasi tena, fupi kuliko ya kwanza, wenzake wawili wakiwa wamesimama ubavuni mwake.