Spika Aliyejua Kuhesabu

Ndugu msomaji, ukisikia neno "Spika", bila shaka unamwona mtu aliyevaa joho, ameketi juu ya kiti kirefu, akiwatuliza wabunge wanaofokeana. Ndivyo ilivyo hapa kwetu. Chini ya Katiba ya 2010, Spika wa Bunge la Taifa, na hata yule wa Bunge la Kaunti, hachaguliwi miongoni mwa wabunge, na anapoongoza kikao hana kura. Yeye ni refa. Sasa hebu fikiria refa ambaye pia ni nahodha wa timu moja, ndiye anayepanga wachezaji wa timu zote mbili, na mpira wenyewe ni wake! Huyo ndiye Spika wa bunge la jimbo la California kule Marekani. Na katika historia ya jimbo hilo, hakuna aliyekikalia kiti hicho kwa muda mrefu kama Willie Brown.

Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo lina gavana wake na bunge lake. Bunge la California lina Seneti ya watu 40 na baraza la chini la watu 80. Spika huongoza hilo la chini, naye huhitaji kura 41. Tafadhali ishike nambari hiyo, 41, maana kisa chote kimefungwa hapo. Akishazipata, Spika ndiye anayewateua wenyeviti wa kamati na kuwafuta, na ndiye anayesema nani apewe ofisi pana na nani asukumwe katika kijichumba. Si mchezo.

Brown alizaliwa mwaka 1934 katika mji mdogo wa Mineola, Texas, enzi ambayo watoto weusi na weupe hawakusoma shule moja. Mama yake alikuwa kijakazi katika nyumba za watu mjini Dallas, kwa hiyo mtoto alilelewa na nyanya yake. Mwaka 1951, akiwa na umri wa miaka 17, alifunga safari hadi San Francisco kwa mjomba wake. Alifanya kazi ya kufagia na kupiga deki huku akisoma, akahitimu chuo mwaka 1955 na kupata shahada ya sheria mwaka 1958. Mwaka 1961 alikataliwa kuonyeshwa nyumba iliyokuwa ikiuzwa, kwa sababu ya rangi yake tu. Basi yeye na wenzake wakaenda wakaketi palepale kulalamika. Mwaka 1962 aligombea ubunge akashindwa kwa kura zisizofika elfu moja. Mwaka 1964 akarudi kwa wapiga kura walewale, akashinda.

Hata uspika aliukosa mara ya kwanza, mwaka 1974. Lakini mwaka 1980 chama chake cha Democratic kiligawanyika, mafahali wawili wakipigania kiti hadi wakachoshana. Brown alifanya nini? Alivuka ukumbi akaongea na wapinzani! Kura 28 za Warepublikani na 23 za Wademokrati zikamfanya Spika, mtu mweusi wa kwanza kushika cheo hicho California. Kumbe Warepublikani walidhani wamempata mtu wao. Mwaka uliofuata mipaka ya maeneo ya uchaguzi ilipochorwa upya kwa kuwafaa Wademokrati, walibaki wameshika tama.

Siri yake, kwa maoni yangu, ni kwamba alimjua kila mbunge kwa haja yake. Huyu anataka kamati, yule anataka fedha za kampeni, mwingine anataka tu asisahauliwe. Ukimkosea, ulijua hujui. Mwaka 1988 Wademokrati watano walipomwasi, aliwavua nyadhifa za kamati. Nguvu hiyo ilikuwa na faida yake. Mwaka 1986 jimbo lilipitisha sheria ya mbunge Maxine Waters ya kuondoa fedha za pensheni katika kampuni zilizofanya biashara na Afrika Kusini ya makaburu, na Brown alikuwa upande huo. Lakini ilikuwa na harufu pia. Fedha za wenye biashara zilimiminika Sacramento, makao makuu ya jimbo. Wapelelezi wa FBI wakaunda hata kampuni bandia ya kuuza kamba wa baharini ili kuwanasa wabunge wala rushwa. Baadhi yao walifungwa. Brown hakushtakiwa kwa lolote, ingawa wananchi wengi walishachoka. Novemba 1990 walipiga kura ya maoni kwamba mbunge wa baraza la chini asizidi vipindi vitatu vya miaka miwili. Kila mtu alijua kanzu hiyo imeshonewa nani.

Hapo ndipo ninapompenda na kumwogopa kwa pamoja. Novemba 1994 Warepublikani walipata viti 41 dhidi ya 39. Mambo yamekwisha, sivyo? La! Siku ya kumchagua Spika, Mrepublikani Paul Horcher akampigia Brown: 40 kwa 40. Kisha ikaonekana kwamba Mrepublikani mwingine alikuwa amechaguliwa Seneti pia. Brown, aliyekuwa akiongoza kikao kwa ukongwe wake, akahakikisha huyo ametolewa: 40 kwa 39. Januari 1995 akawa Spika tena, chama chake kikiwa ndicho kilichoshindwa katika uchaguzi! Je, ni haki? Sheria haikuvunjwa, lakini waliowapa Warepublikani kura zao walipata nini?

Wao walijibu kwa njia yao. Mei 1995 wapiga kura wa Horcher walimwondoa kabla ya muda wake. Juni Brown aliachia kiti, lakini Wademokrati wote wakampigia Mrepublikani Doris Allen, naye akajipigia mwenyewe, akawa Spika mwanamke wa kwanza California. Novemba naye akaondolewa na wapiga kura wake. Brown? Alikuwa ameshahamia kinyang'anyiro kingine, akawa meya wa San Francisco kuanzia Januari 1996 hadi Januari 2004.

Mwaka 2012 sheria ya vipindi ililegezwa: sasa mtu anaruhusiwa miaka 12 katika mabaraza yote mawili kwa jumla. Brown alikaa karibu miaka 31, na zaidi ya 14 kati ya hiyo alikuwa Spika.