Ukuta Mkubwa Bila Mabaka

Ukuta wa darasa uliopakwa rangi asubuhi unaweza kuonekana safi adhuhuri, kisha jua la saa kumi likaumulika kwa upande na mabaka yote yakajitokeza: michirizi ya rola, mistari ya maungio, sehemu zinazong'aa kando ya zilizofifia. Lawama humwendea fundi au duka. Mara nyingi, tatizo ni muda: rangi mbichi ilipakwa juu ya rangi iliyoanza kushika.

Rangi ya maji hukauka maji yake yanapopotea hewani na mengine yanaponyonywa na plasta. Ukingo wa pale ulipoishia ukiwa bado mbichi, rangi inayofuata huchanganyika nao. Ukishashika, tabaka mbili hupandana na mstari hubaki. Hapa Ndhiwa, ambapo hatufiki hata nyuzi 1 kusini mwa ikweta, ukuta unaopigwa na jua haukupi nafasi ya kusitasita.

Kwa hiyo fuata kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki alasiri. Mwezi wa Juni jua huelemea kaskazini na kivuli hukaa kusini; Desemba ni kinyume. Kati ya Machi na Mei, mvua za bonde la Ziwa Victoria hupenda kushuka alasiri, basi ukuta wa mashariki usubiri asubuhi ya mawingu.

Muda pia hupotezwa na ukuta wenyewe. Plasta mpya iachwe siku 28 hivi, la sivyo unyevu utasukuma chumvi nyeupe nje. Palipozibwa nyufa hunyonya rangi kuliko pengine; piga msasa, futa vumbi, kisha paka praima ukuta mzima ili unyonyaji ulingane. Msimu wa trekta za miwa, vumbi la barabara ya muramu hurudi upesi, hivyo futa tena siku ya kupaka.

Piga hesabu kabla ya kufungua kopo. Lita 1 ikifunika mita 10 za mraba, ukuta wa mita 12 kwa 3 utahitaji lita 7 na kidogo kwa mipako miwili. Makopo ya rangi ileile huweza kutofautiana, kwa hiyo yamwage yote kwenye ndoo moja na ukoroge.

Wafanye kazi watu wawili. Wa kwanza apake kingo kwa brashi, asimtangulie mwenzake sana. Wa pili afuate na rola, kipande cha upana wa mita moja, juu hadi chini, akimalizia kwa mivuto myepesi ya mwelekeo mmoja. Palipoanza kukauka pasirudiwe. Kasoro ingoje mpako wa pili. Na mkitaka kupumzika, simameni kwenye kona au nguzo, kamwe si katikati ya ukuta. Chai ingoje kona.