Fahamu: Je, jimbo linalotumia fedha nyingi shuleni ndilo linalofaulisha?

Nchini Marekani, fedha za shule hutoka zaidi kwenye majimbo na wilaya kuliko serikali kuu, ndiyo maana tofauti ni kubwa mno. Mwaka wa fedha 2022, New York ilitumia karibu dola 30,000 kwa kila mwanafunzi. Utah haikufika 10,000. Hata hivyo, katika mtihani wa kitaifa wa NAEP, wanafunzi wa Utah huwapita wale wa New York kwenye hesabu. Sehemu ya fedha za New York humezwa na mishahara, maana maisha huko ni ghali.

Mfano unaonivutia zaidi ni Mississippi, jimbo maskini lililozoea kushika mkia. Mwaka 2013 lilipitisha sheria: walimu wakafunzwa upya namna ya kufundisha kusoma, wakufunzi wakapelekwa shuleni, na mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma akatakiwa kurudia darasa. Mwaka 2024, darasa la nne lilipata wastani wa alama 219 katika kusoma, juu ya 214 za taifa. Wakosoaji wanasema kurudia darasa kunapandisha wastani. Hoja hiyo ina uzito, ila haielezi mafanikio yote.

Lakini alama si maisha. Mwaka 2021, wastani wa umri wa kuishi Mississippi ulikuwa chini ya miaka 71, wa chini kuliko majimbo yote. Ukikutana na orodha ya majimbo bora, uliza kwanza imepima nini.