Kusikiliza transfo katikati ya kelele za radio

Wandugu, transfo haifi siku moja. Ile siku inalipuka, moshi unapanda, mafuta yanamwagika na kartie nzima inabaki gizani, watu wanasema "imekufa ghafula". Mara nyingi si kweli. Ilianza kufa miezi mingi mbele ya pale, hata miaka, na ilikuwa inasema. Shida ni kwamba hakukuwa mtu wa kuisikiliza, ao alisikiliza na hakuweza kutofautisha sauti yake na sauti ya radio.

Mimi ni mtu wa kilimo, si fundi wa umeme. Nilianza kufuata habari hii juu transfo ya kwetu iliungua na watu wakachanga feza nyumba kwa nyumba ili ipatikane ingine. Wenye vinu vya unga walifunga, mwenye chumba baridi akatupa samaki. Nikajiuliza: hakuna njia ya kujua mapema? Njia iko, tena iko ya zamani. Lakini iko na adui wake.

Tuanze ndani ya transfo yenyewe. Kuna waya za shaba zilizozungushwa mara nyingi, zimefungwa na karatasi, na vyote vimelowa katika mafuta. Karatasi ile ni selulozi, kitu kile kile tunachokisoma katika majani na miti. Karatasi na mafuta njo izolasio: ndiyo inatenga umeme na chuma. Sasa tuseme mahali fulani kunabaki kipovu cha hewa, ao unyevu umeingia, ao karatasi imezeeka na kupasuka. Hewa ya kawaida inashindwa kwenye kilovolti 3 hivi kwa kila milimetre 1. Mafuta mazuri na makavu yanavumilia mara nyingi zaidi ya hapo. Na ubaya ni huu: nguvu ya umeme haigawanyike sawasawa. Katika kipovu inakuwa kubwa kuliko katika karatasi inayokizunguka. Yaani yule zaifu kuliko wote njo anabebeshwa mzigo mzito kuliko wote.

Basi kipovu kinatoa kicheche. Kicheche hicho hakivuki toka waya mpaka chuma; kinavuka kipovu tu, halafu kinazimika. Umeme unaendelea kwenda mitaani, taa zinawaka, hakuna anayejua kitu. Lakini vicheche vinarudia kila mara umeme unapopanda na kushuka, na umeme wetu unafanya hivyo mara 50 kwa sekunde. Kila kimoja kinachoma kidogo. Katika kaboli za plastiki alama zake zinatawanyika kama mizizi ya mti mdogo, na siku mzizi mmoja unafika ngambo ya pili, imekwisha.

Kicheche kinaacha nyayo tano: mshtuko mdogo wa umeme katika waya, mawimbi ya radio, sauti, mwangaza, na gazi ndani ya mafuta. Mshtuko wa umeme unapimwa kwa pikokulomu. Pikokulomu 1 ni elektroni milioni 6 hivi, ambayo kwa umeme ni kama hakuna kitu. Transfo kubwa mpya ikijaribiwa kiwandani, mpaka unaokubaliwa ni mamia machache tu ya pikokulomu. Kule kiwandani wanaipima ndani ya chumba kilichofunikwa chuma pande zote, mawimbi ya inje hayaingie. Lakini transfo ikishafungwa mahali pake, kati ya nguzo na antena, utaifunika na nini?

Hapa njo matata yanaanza. Kipimo cha kawaida, kile cha kanuni ya kimataifa IEC 60270, kinasikiliza chini ya megahezi 1. Radio za mawimbi ya kati zinatangaza kuanzia kilohezi 530 hivi mpaka 1,600. Unaona vile wanagongana. Na waya ndefu inayofika kwenye transfo ni antena nzuri sana: inakamata kila kitu na kukileta mpaka kwenye kifaa chako. Unatafuta mnong'ono, na jirani amefungua muziki kwa nguvu.

Wengi wanafikiri dawa ni kifaa chenye masikio makali zaidi. Mimi naona hapana. Masikio makali yanasikia kelele pia vizuri zaidi. Swali la kuuliza si "sauti ni kubwa namna gani?" bali "inakuja wakati gani, na inatoka wapi?"

Wakati kwanza. Mzunguko mmoja wa umeme unachukua milisekunde 20. Vicheche vya kipovu havitokei ovyo. Vinajikusanya hasa pale voltaji inapopanda kuelekea kilele chake, upande wa juu na upande wa chini. Mtangazaji wa radio hajui habari za mzunguko huo, anasema wakati wote. Kwa hiyo ukichora kila mshtuko mahali pake ndani ya mzunguko, ukaweka mizunguko maelfu moja juu ya ingine, radio inatawanyika sawasawa kama ukungu, na vicheche vinajikusanya kama vichuguu viwili. Tena radio inakaa kwenye frekansi yake moja nyembamba, inaweza kukatwa kwa chujio, lakini kicheche, juu kinaisha kwa nanosekunde chache, kinajimwaga kwenye frekansi nyingi kwa mara moja. Ukikata kipande kimoja, kingine kinabaki.

Lakini angalieni mutego. Si kila kinachofuata mzunguko ni ugonjwa wa ndani. Ncha kali ya chuma hewani inatoa vicheche vyake, na hivyo vinapenda kilele cha upande mmoja. Hiyo ni kelele ya inje, haiue transfo. Mashine zinazobadilisha umeme kwa tairista ni werevu zaidi: zinatoa mishtuko inayofuata mzunguko kabisa. Fikirieni Kolwezi, ambako laini ya kutoka Inga, kilometre 1,700 hivi, inafika na umeme usiopanda na kushuka, na kituo kinaugeuza. Karibu na mashine za namna hiyo, mishtuko inakuja kila mara mahali pale pale na ukubwa ule ule, kama askari wa parade. Ugonjwa wa kweli haukuwe na nizamu hivyo, unapepesuka kidogo. Asiyejua tofauti atazima transfo nzima bure, na hospitali na pompi za maji zikazimika nayo.

Halafu mahali. Unaweza kupanda juu kwenye frekansi za mamia ya megahezi na kuingiza antena ndogo ndani ya tanki kupitia robine ya mafuta. Chuma cha tanki kinakulinda, FM unaiacha chini, lakini simu za megahezi 900 na 1,800 zinaweza kukukuta huko. Ao unabandika vipokea sauti kwenye ukuta wa tanki. Sauti katika mafuta inaenda metre 1,400 hivi kwa sekunde, umeme unafika karibu papo hapo. Kama sauti imechelewa milisekunde 1, kicheche kiko karibu metre 1.4 kutoka pale. Ukiwa na vipokea sauti vinne unaweza kuonyesha kona yenyewe. Radio haina neno hapo, lakini mvua ikigonga tanki utasikia mvua.

Jambo moja la kuchekesha: mlango huu unafunguka pande mbili. Radio inasumbua kipimo, na izolasio mbaya inasumbua radio. Ukipita barabarani na karadio kako kwenye mawimbi ya kati, kakaanza kuvuma chini ya nguzo moja tu, pengine kisahani cha pale juu kimepasuka ao kufuli ya waya imelegea. Sikilizeni toka barabarani. Musikaribie nguzo, musiguse kitu.

Kwa hali yetu, mimi ningeanza na ile nyayo ya tano, gazi. Vicheche vinavunja mafuta na kutoa hasa idrojeni, na radio haiwezi kudanganya idrojeni. Iko pole-pole na haikuonyeshe mahali, lakini sampuli moja haiombe kuzima kitu. Idrojeni ikipanda kati ya sampuli mbili, hapo njo mulete vifaa vya kusikiliza. Sampuli inachukuliwa na fundi aliyeruhusiwa, kwa sindano ya kioo, si chupa ya maji: hewa isiingie, povu lisibaki, na isikae kwenye jua njiani kuelekea labo.