Bastola yenye nukta nyekundu: leza inasaidia wapi, na inakomea wapi?

Wizi wa usiku ukiongelewa Mulongwe ao Kalundu, hapakosi mutu wa kusema: heri mwenye duka awe na bastola ndogo ya mfukoni, ile inayotoa mwanga mwekundu. Wengi wameiona kwenye filamu. Lakini mwanga ule unafanya kazi gani kweli?

Kwanza, sheria. Silaha nchini Kongo zinaongozwa na ordonansi-sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985. Raia hana haki ya kushika silaha ya moto bila kibali cha serikali. Leza haibadilishi kitu hapo.

Juu ya nini watu waliweka leza?

Rivolva ni bastola yenye tumbo la kuzunguka. Zile ndogo za mfukoni mara nyingi zinabeba masasi 5 tu. Mdomo wake ni mfupi, karibu sentimita 5, na alama za kulengea ziko karibu-karibu. Ukikosea kidogo mkononi, mbele sasi linaenda mbali na pale ulipotaka. Usiku alama zenyewe hazionekani. Ndiyo maana wakatengeneza kipini chenye leza ndani: mutu akikaza mkono, kidole kinabonyeza swichi na nukta inawaka pale bastola inapoelekea.

Mwenye kibali anaangalia nini?

Kipini kijae mkononi. Cha mpira kinapunguza mshtuko, lakini kikinenepa sana kinanasa kwenye nguo. Swichi ikae pale kidole kinapofika bila kutafuta. Vipini vingi vinaweka leza upande wa kuume, juu kidogo. Kidole cha shahada kikinyooka pembeni kinaweza kuziba mwanga. Leza haikai ndani ya mdomo wa bastola, kwa hiyo inapaswa kurekebishwa kwa umbali fulani, na kupimwa tena kila mara kipini kikifunguliwa.

Rangi nayo ina maana. Jua la saa sita kando ya ziwa linameza nukta nyekundu. Ya kijani inaonekana vizuri zaidi mchana, ila kwa kawaida inakula betri haraka. Na betri ikiisha, zinabaki zile alama za zamani. Asiyejua kuzitumia hana kitu.

Inakomea wapi?

Nukta inaonyesha mahali, haionyeshi mutu. Kivuli nyuma ya mlango kinaweza kuwa mwizi, mzamu wa jirani, ao mtoto anayerudi chooni. Kwenye moshi, vumbi ao ukungu, mstari wa mwanga unaonekana na unamrudia mwenye bastola: kila mutu anajua amesimama wapi. Askari wa doria akiona nukta nyekundu gizani, hataanza kuuliza kibali.

Tena, kwenye kartie nyumba zimebanana. Sasi linaweza kupita ukuta wa mbao likamkuta mutu amelala, hata kama nukta ilikuwa mahali pake. Kumulika mutu machoni kwa mchezo pia ni hatari, juu leza inaweza kuumiza jicho.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei ya nukta nyekundu, mwenye duka ahesabu kwanza mlango wa chuma, taa ya nje, filimbi na namba za simu za majirani. Hivyo havihitaji kibali, na vikikosea haviui mutu.