Kanzu Safi, Kete Mfukoni: Mraibu Asiyeonekana na Matibabu ya Nje (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilifuata njia ambayo unga ulipitia hadi Pwani ya Kenya: brown sugar ya kuvuta katika miaka ya 1980, kisha heroini nyeupe kuelekea mwisho wa miaka ya 1990, iliyowahamisha wengi kutoka kwenye moshi hadi kwenye sindano. Anayetajwa zaidi katika habari hizo ni kijana wa maskani, aliyekonda, anayesinzia wima kando ya barabara. Leo tumtazame mwenziwe, yule ambaye hakuna anayemwita teja.

Huyu anakaa Kibokoni au Kuze, katika Mji wa Kale wa Mombasa. Saa mbili asubuhi yuko ofisini, pengine kwa wakala wa kupitisha mizigo bandarini Kilindini, pengine benki, pengine nyuma ya kaunta ya duka lake mwenyewe Mtaa wa Biashara. Kanzu ya Ijumaa imepigwa pasi. Karo ya watoto imelipwa, na michango ya harusi na maziko haimpiti. Kabla ya mkutano wa saa nne huingia chooni, hukaa dakika chache, hutoka akiwa mtulivu. Starehe iliyomvuta mwanzo ilikwisha zamani. Sasa anavuta ili mikono isitetemeke na kazi ifanyike.

Siri yake inalindwa na pesa. Arosto huanza baada ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu dozi ya mwisho: miayo, makamasi, machozi, baridi inayopanda mgongoni, tumbo kuvurugika, mifupa kuuma. Hukaza siku ya pili na ya tatu, halafu hulegea taratibu kwa muda wa wiki moja hivi. Mwenye mshahara haifikii hatua hiyo mbele ya watu, kwa sababu kete ya jioni ameshainunua asubuhi. Kijana wa maskani hujulikana kwa arosto yake. Mwenye ofisi hujulikana siku pesa zinapomwishia, au siku bidhaa yenyewe inapokosekana.

Siku hizo zilishatokea. Kuanzia Desemba 2010 hadi miezi ya mwanzo ya 2011, heroini iliadimika ghafla Pwani. Bei ikapanda, wengine wakageukia pombe na dawa nyingine, na waliokuwa na nguvu wakatafuta msaada hospitalini. Watafiti waliowahoji watumiaji baadaye waliandika jinsi miili ilivyoteseka majira hayo. Mji ambao haukuwa na kliniki hata moja ya methadoni, dawa wanayopewa waraibu badala ya heroini, haukuwa na mengi ya kuwapa.

Wako wanaoamini kwamba mtu anayefanya kazi vizuri hawezi kuwa mgonjwa. Maisha ya William Halsted yanawajibu. Alikuwa mmoja wa madaktari waanzilishi wa Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, na upasuaji wa leo unamdai mengi, pamoja na desturi ya kuvaa glavu za mpira. Mwaka 1884 alianza kujifanyia majaribio ya kokeini kama dawa ya ganzi, ikamnasa, kisha mofini ikachukua nafasi yake. Aliendelea kupasua na kufundisha kwa miongo kadhaa. Rafiki yake William Osler aliijua siri hiyo na kuiandika katika kumbukumbu zilizofungwa, ambazo umma haukuzisoma hadi 1969, karibu nusu karne baada ya Halsted kufariki mwaka 1922. Daktari aliyezungukwa na madaktari bora wa nchi yake hakutibiwa akapona, kwa sababu heshima yake ilikuwa kubwa kuliko ujasiri wa waliomjua.

Karibu na nyumbani, mwimbaji wa Bongo Fleva Rehema Chalamila, Ray C, alijulikana Afrika Mashariki yote katika miaka ya 2000 kabla uraibu wake haujajulikana. Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimsaidia kupata matibabu, naye mwenyewe akalieleza jambo hilo hadharani. Alikunywa methadoni katika Hospitali ya Mwananyamala, Dar es Salaam, kama mgonjwa wa nje: unafika, unapewa dawa, unaondoka. Tanzania ilikuwa imetangulia kufungua kliniki ya aina hiyo Muhimbili mwezi Februari 2011.

Kenya ilifuata Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi mapema 2015, na baadaye Kisauni, ng'ambo ya daraja la Nyali, ambako mkazi wa kisiwani anaweza kufika kwa matatu moja.

Methadoni inafanyaje kazi? Heroini hupanda kwa kasi na kushuka kwa kasi, hivyo mraibu huihitaji mara kadhaa kwa siku, na kila mara huzunguka kati ya ulevi na arosto. Methadoni ni ya maji, hunywewa, huingia polepole na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Dozi huanza chini, kwa kawaida miligramu 20 hadi 30, na hupandishwa kwa uangalifu wiki baada ya wiki, kwani mwanzoni dawa hujilimbikiza na anayeichanganya na pombe au vidonge vya usingizi anaweza kuacha kupumua. Ikishatulia, mtu halewi wala haumwi. Vincent Dole na Marie Nyswander walilionyesha hilo New York katikati ya miaka ya 1960: wagonjwa wao walirudi kazini na masomoni huku wakinywa dawa kila siku. Shirika la Afya Duniani liliiingiza methadoni katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Kwa hivyo maneno yanayosikika barazani kwamba mgonjwa "amebadilisha unga kwa unga" hayana msingi, na yanawaumiza watu ambao wamefanya kazi ngumu ya kujitibu.

Familia nyingi za Mji wa Kale bado huchagua njia nyingine. Kijana hupelekwa Oman au Dubai kwa ami yake "akapumzike", au hufungiwa chumba cha juu mpaka arosto ipite, au hupelekwa kituo cha kulala kwa miezi mitatu. Kituo cha kulala kina nafasi yake, hasa kwa asiye na makao. Lakini mwenye kazi hawezi kutoweka miezi mitatu bila kuulizwa, na kutoa sumu mwilini pekee kuna hatari ambayo haisemwi vya kutosha: mwili uliosafishwa hauwezi tena kubeba kipimo cha zamani. Anayetoka na kurudia kete ile ile aliyoizoea anaweza kufa usiku huo huo.

Hapa ndipo mfumo wetu una pengo, na ni vyema lisemwe wazi. Mpango wa methadoni Kenya ulizaliwa kutokana na vita dhidi ya Ukimwi, wakati makadirio rasmi yalionyesha maambukizi ya takriban asilimia 18 miongoni mwa wanaojidunga. Ilikuwa haki kuwatanguliza hao. Mlango wa kuingilia kliniki ukajengwa kupitia mashirika ya kijamii kama MEWA, iliyoanza Mombasa katikati ya miaka ya 1980, na Reachout Centre Trust, ambayo wahudumu wake huwatafuta watumiaji maskani, huwapa ushauri na kuwaandaa kabla ya kuwapeleka kliniki. Kazi hiyo imeokoa maisha ya wengi. Lakini karani wa benki hayuko maskani. Hakuna mhudumu atakayemkuta pale, na yeye hatathubutu kujitokeza mwenyewe kwenye foleni ya asubuhi ambapo jirani, mwanafunzi mwenzake wa zamani au dereva wa matatu anaweza kumwona.

Kwa mwanamke foleni hiyo ni nzito maradufu. Mwanaanthropolojia Susan Beckerleg, aliyechunguza matumizi ya heroini katika Pwani hii kwa miaka mingi, aliandika juu ya wanawake watumiaji na aibu wanayobebeshwa kupita wanaume. Buibui na nikabu humsitiri njiani. Hazimsaidii anapotakiwa kutaja jina lake dirishani mbele ya watu wanaomjua mama yake.

Njia mbadala zipo, hata kama si nyingi. Msaada unaweza kuanzia kwa daktari wa magonjwa ya akili, hospitali ya umma au ya binafsi, ambako mtu husubiri pamoja na wenye kukosa usingizi na wenye huzuni, na hakuna anayejua kilichomleta. Simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, 1192, hupokea maswali ya mraibu na ya ndugu zake. Anayesumbuliwa na pombe au vidonge vya usingizi, na wapo wengi katika nyumba ambazo chupa haitajwi kabisa, asiache ghafla peke yake: tofauti na arosto ya unga, kukatizwa kwa hivi viwili kunaweza kuleta degedege na kifo, na dozi hupunguzwa chini ya macho ya daktari.

Sheria nayo si adui kama inavyodhaniwa. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kumfukuza papo hapo mfanyakazi aliyelewa kazini kiasi cha kushindwa kazi yake. Kupata matibabu ni jambo jingine. Katiba ya 2010 inalinda faragha katika Kifungu cha 31 na haki ya afya katika Kifungu cha 43. Mtu anayejitibu mapema, kabla hajaanguka mbele ya bosi, yuko mahali salama zaidi kisheria kuliko anayesubiri.

Ufaransa ilionyesha namna ya kuyapanua matibabu ya nje ya uraibu wa heroini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 iliwaruhusu madaktari wa kawaida wa mitaani kuandika buprenofini, kidonge cha kuyeyushia chini ya ulimi, na mgonjwa akakichukua kwenye duka la dawa la jirani kama mgonjwa wa presha. Vifo vya kuzidisha dozi vilipungua kwa takriban asilimia 79 kati ya 1995 na 1999. Mombasa ina madaktari na maduka ya dawa ya kutosha kuanza hata kwa kiasi kidogo, kwa usimamizi mkali.

Hata Kisauni, mabadiliko ya saa tu yangesaidia. Dirisha moja la alfajiri kwa wanaowahi kazini, na jingine baada ya magharibi, lingewafaa pia wanaofunga Ramadhani, mwezi ambao mwenye siri hupata taabu kuliko miezi yote kwa kuwa mchana hana kisingizio cha kuingiza chochote mdomoni. Mgonjwa aliyetulia anaweza kupewa dozi chache za nyumbani, zikiwa zimefungiwa mbali na watoto. Dawa inayonywewa mara moja kwa siku inawezesha yote haya. Linalobaki ni ratiba ya wauguzi na bajeti ya kaunti.

Sehemu ya tatu itazungumza na wake, waume na wazazi: nini cha kumwambia mtu aliyeficha kwa miaka, na nani awe naye siku ya kwanza ya kliniki.