Wakimbiaji wanne waliotangulia: Bayi, Nyambui, Shahanga na Ikangaa

Mwanariadha wa Tanzania akipata medali, wasikilizaji wetu hupiga simu studio na majina ya zamani huanza kutajwa. Ilikuwa hivyo Septemba 2025, Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya Mashindano ya Dunia mjini Tokyo. Wazee hutaja Bayi, Nyambui, Shahanga na Ikangaa. Vijana wengi wa Mbulumbulu wanayajua majina hayo, lakini hawajui wenyewe walifanya nini. Leo tunaeleza.

Walikuwa nani?

Filbert Bayi alizaliwa Karatu mwaka 1953, wakati Karatu ikiwa bado sehemu ya Wilaya ya Mbulu. Gidamis Shahanga anatoka Katesh, chini ya Mlima Hanang. Suleiman Nyambui ni mtu wa Majita, kando ya Ziwa Victoria, na Juma Ikangaa ni wa Dodoma. Kila mmoja alikuwa na mbio zake, lakini kati ya mwaka 1973 na 1990 walifanya jina la Tanzania lizoeleke katika viwanja vya riadha duniani.

Bayi alifanya nini Christchurch?

Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola huko New Zealand, Bayi alikimbia fainali ya mita 1,500. Huo ni umbali wa mizunguko mitatu na robo tatu ya uwanja. Wakati ule wakimbiaji wengi walipenda kujificha katikati ya kundi, kisha kuchomoka mwishoni. Bayi aliongoza tangu bastola ilipolia.

Kukimbia mbele ni kazi ngumu. Ni kama kutangulia asubuhi kwenye njia ya majani marefu: wa mbele ndiye anayelowa umande, wa nyuma anapita pakavu. Wa mbele hupambana na upepo, na hajui wa nyuma wana nguvu kiasi gani.

John Walker, mwenyeji wa New Zealand, alimfukuza hadi kwenye utepe, lakini hakumpata. Bayi alimaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Walker alitumia dakika 3 na sekunde 32.5. Rekodi ya dunia ya zamani ilikuwa dakika 3 na sekunde 33.1, kwa hiyo hata aliyeshindwa siku ile alikimbia chini ya rekodi hiyo. Nafasi ya tatu ilikwenda kwa Ben Jipcho wa Kenya. Rekodi ya Bayi ilidumu hadi Agosti 1979, alipoivunja Sebastian Coe wa Uingereza.

Mei 17, 1975, mjini Kingston, Jamaica, Bayi aliweka pia rekodi ya dunia ya maili moja, dakika 3 na sekunde 51.0. Miezi mitatu baadaye Walker aliichukua.

Kwa nini hakupata dhahabu ya Olimpiki?

Dunia ilisubiri Bayi na Walker wakutane Montreal mwaka 1976. Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini, nchi iliyokuwa chini ya ubaguzi wa rangi, na nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo, zilisusia michezo hiyo. Walker alishinda dhahabu ya mita 1,500.

Mwaka 1980, Moscow, Bayi alihamia mita 3,000 za kuruka viunzi na maji na kupata medali ya fedha. Nyambui naye alipata fedha katika mita 5,000, nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Olimpiki ya Paris ya mwaka 2024, hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Shahanga na Ikangaa je?

Shahanga alishinda marathoni ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978, Edmonton, Kanada. Miaka minne baadaye, Brisbane, Australia, alishinda tena dhahabu, safari hii katika mita 10,000. Huko Brisbane ndiko Ikangaa alikofahamika: alikuwa wa pili katika marathoni, sekunde 12 nyuma ya Robert de Castella wa Australia.

Ikangaa naye alipenda kuongoza. Boston, mwaka 1988, alishindwa na Ibrahim Hussein wa Kenya kwa sekunde moja tu baada ya kilomita 42. Alikuwa wa pili tena Boston mwaka 1989 na 1990. Lakini Novemba 1989 alishinda New York kwa saa 2, dakika 8 na sekunde 1, muda bora kuliko wowote uliokuwa umekimbiwa katika mbio hizo hadi wakati huo.

Siri ilikuwa mwinuko?

Mwinuko unasaidia. Hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Huku juu hewa ni nyepesi, na mwili hujibu kwa kutengeneza chembe nyingi zaidi nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni. Ukishuka kutoka Upper Kitete hadi Mto wa Mbu, unaweza kuhisi tofauti.

Lakini Majita na Dodoma ziko chini kuliko Karatu, na bado zilitoa Nyambui na Ikangaa. Kipaji kilihitaji mahali pa kukilea. Bayi na Ikangaa walikuwa wanajeshi, na jeshi liliwapa nafasi ya kufanya mazoezi. Nyambui na Shahanga walipata nafasi ya kusoma na kukimbia katika chuo kikuu cha El Paso, Texas.

Walilipwa?

Bayi alipovunja rekodi mwaka 1974, riadha ilikuwa ya ridhaa. Mkimbiaji aliyepokea zawadi ya fedha waziwazi angeweza kufungiwa. Mwaka 1982 shirikisho la dunia liliruhusu fedha ziwekwe katika mfuko maalumu wa mwanariadha. Boston ilianza kutoa zawadi za fedha mwaka 1986. Ikangaa basi alikuta mlango umefunguliwa. Bayi alikuwa amefika ukiwa umefungwa. Mwaka 2025, bingwa wa dunia alipata dola 70,000 za Marekani.

Hili linahusu nini Mbulumbulu?

Linamhusu mzazi ambaye mtoto wake anakimbia vizuri. Njia ya kawaida huanzia shuleni: UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari. Mtoto akitolewa shule ili akimbie, anaikosa njia hiyo, na akiumia mguu hana pa kurudi. Nyambui na Shahanga walisoma na kukimbia kwa pamoja. Bayi, baada ya kustaafu, alianzisha shule.

Fedha zilipoingia, mawakala nao waliingia. Kabla kijana hajasaini, ulizeni wakala anachukua asilimia ngapi, mkataba ni wa miaka mingapi, nani analipa matibabu, na pasi ya kusafiria itakaa kwa nani. Mkataba ukiwa kwa lugha msiyoielewa, mtafuteni mwalimu au mwanasheria awasomee. Anayekataa usomwe, msisaini naye.

Kijana anayepanda mlima Lositete alfajiri ana nafasi ambayo Bayi hakuwa nayo mwaka 1974: anaweza kuishi kwa miguu yake. Asaidiwe asidhulumiwe njiani.